Maisha ya Augustino, Mtu Aliyeupeleleza Moyo Wake

Katika Afrika ya Kaskazini, katika nchi iitwayo leo Algeria, palikuwa na mji mdogo, jina lake Thagaste. Zamani hizo pwani ile yote ilikuwa chini ya dola ya Rumi, na watu wa mijini walisema Kilatini, ingawa lugha za wenyeji zilikuwa hazijakoma mashambani. Katika mji huo, tarehe 13 Novemba mwaka wa 354, alizaliwa mtoto mwanamume, akaitwa Augustino. Baba yake, Patricius, alikuwa na shamba dogo na cheo kidogo katika baraza la mji; naye hakubatizwa mpaka alipokaribia kufa. Mama yake, Monika, alikuwa Mkristo tangu utoto wake, naye ndiye aliyemfundisha mwanawe kulitaja jina la Kristo.

Wazazi wakaona mapema ya kuwa mtoto wao ana akili nyingi. Kusudi lao likawa moja: ajifunze elimu ya ufasaha, apate kuwa mtu mkubwa. Maana siku zile mtu aliyejua kusema vizuri mbele ya watu aliweza kuwa mwanasheria, au mwalimu wa mjini, hata mtawala wa jimbo. Kama elimu hiyo ingemfanya mtoto kuwa mwema, jambo hilo halikuulizwa. Augustino mwenyewe alipenda mchezo wa mpira kuliko vitabu, akapigwa sana na walimu wake. Alikuwa akimwomba Mungu asipigwe, na watu wazima, hata wazazi wake, wakamcheka. Alipokwisha kuwa mtu mzima aliandika ya kuwa wale waliomwadhibu kwa ajili ya mchezo nao walikuwa na michezo yao, ila michezo ya wakubwa hupewa jina la kazi.

Alipokuwa na umri wa miaka 16 fedha za baba yake zilipungua. Akarudi kutoka shule ya Madauros, akakaa nyumbani mwaka mzima pasipo masomo, huku baba akikusanya fedha za kumpeleka katika mji mkubwa wa Karthago. Mwaka huo wa uvivu ndio uliomletea jambo alilolikumbuka maisha yake yote.

Karibu na shamba la mizabibu la baba yake palikuwa na mpeasi. Peasi ni tunda la nchi zenye baridi. Umbo lake lakaribia lile la parachichi, bali ganda lake ni jembamba na nyama yake ina maji mengi. Mapeasi ya mti huo hayakuwa mazuri kwa macho wala kwa ulimi. Usiku mmoja, baada ya kucheza njiani mpaka saa nyingi, Augustino na kundi la vijana wenziwe wakauendea mti ule, wakautikisa, wakachukua matunda mizigo kwa mizigo. Walionja machache tu. Yaliyobaki wakayatupia nguruwe.

Kwa watu wengi habari ingekwisha hapo. Kijana yeyote aliyepata kurusha mawe katika mwembe wa jirani aijua furaha hiyo, na asubuhi yake husahau. Lakini Augustino alipofika umri wa zaidi ya miaka 40, hali amekuwa askofu, alikaa akaiandika habari ya mapeasi yale kurasa nyingi, kuliko alivyoandika habari za makosa yake makubwa zaidi. Wako waliomcheka kwa hilo. Walakini sababu yake ilikuwa nzuri. Alijua ya kuwa mtu anapotenda kosa, watu hutafuta kwanza jambo lililomsukuma: kama ameua, wataulizana alitaka shamba la mwenziwe, au mkewe, au alikuwa analipa kisasi. Basi yeye aliiba kwa ajili ya nini? Hakuwa na njaa. Nyumbani kwao yalikuwapo mapeasi yaliyo bora kuliko yale. Wala hakuyala. Hapo hapakuwa na pazia la haja wala la umaskini la kuificha nia, na kwa hiyo alidhani ataweza kuiona nia yenyewe ikiwa uchi.

Alipoitazama, aliona mambo mawili. La kwanza, alipenda kutenda neno lililokatazwa kwa sababu limekatazwa tu. Alitaka kwa dakika chache kuwa kama mtu asiye na bwana juu yake, kama mtumwa anayevaa kanzu ya bwana wake wakati bwana hayupo. La pili lilimtesa zaidi. Alijiuliza kama angaliyaiba mapeasi yale akiwa peke yake, na jibu likawa kwamba asingaliyaiba. Ilitosha mmoja kusema twende, na kila mmoja akaona haya kuwa yeye peke yake mwenye haya. Urafiki, ambao ni kitu chema, ndio uliokuwa mlango wa wizi. Augustino hakusema ya kuwa wenziwe walimharibu. Alisema ya kuwa yeye alitaka wacheke pamoja naye.

Mwaka wa 371 akaenda Karthago, akisaidiwa na tajiri mmoja wa kwao aitwaye Romanianus. Upesi akawa wa kwanza katika shule ya ufasaha, akavimba kwa majivuno. Huko alikaa na mwanamke pasipo ndoa, wakapata mtoto mwanamume, Adeodatus, maana yake Aliyetolewa na Mungu. Alipokuwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero, mwandishi mkubwa wa Kirumi, kilichowahimiza watu waitafute hekima. Alikifungua ili aunoe ulimi wake, kama wanafunzi wote walivyofanya. Alipokifunga akawa anatamani kitu kingine, yaani kujua kweli. Ndipo akachukua Maandiko Matakatifu ayasome. Akayaweka chini. Lugha yake ilionekana kwake kuwa ya watu wadogo, haifai kuwekwa karibu na Kilatini cha Cicero. Alidhani anahukumu kitabu, kumbe kiburi chake ndicho kilichokuwa kinasoma.

Basi akajiunga na wafuasi wa Mani, akakaa nao miaka tisa. Watu hao walifundisha ya kuwa ziko nguvu mbili, ya nuru na ya giza, nazo zapigana ndani ya kila mtu. Mafundisho hayo yalimpendeza kwa sababu aliyoigundua baadaye sana: mtu akitenda dhambi, yaweza kusemwa si yeye aliyetenda, bali lile giza lililomo ndani yake. Akabaki safi machoni pake mwenyewe. Alipowauliza maswali ya nyota na ya mbingu wakamwambia angoje aje mkuu wao Faustus, ambaye atayajibu yote. Faustus alikuja, akawa mtu mpole, msemaji mzuri, asiyejua majibu. Alikiri wazi ya kuwa hayajui, na Augustino akampenda kwa uaminifu huo kuliko kwa elimu yake.

Katika miaka hiyo alirudi Thagaste kwa muda, akafundisha. Huko alikuwa na rafiki wa tangu utoto. Rafiki huyo akashikwa na homa kali, akapoteza fahamu, na jamaa zake wakambatiza akiwa katika hali ile. Alipopata nafuu Augustino aliufanyia mzaha ubatizo ule, akidhani watacheka wote wawili kama desturi yao. Rafiki akamtazama kwa hasira, akamwonya asiseme hivyo tena akitaka wabaki marafiki. Baada ya siku chache homa ikarudi, akafa. Augustino alilia hata kila mahali mjini pakamchukiza, maana kila mahali palimkosa yule mtu. Akarudi Karthago. Naye alipoandika habari za msiba huo alijihoji tena: je, alimlilia rafiki, au alipenda kulia? Maana machozi yalikuwa matamu kwake, nayo yalikuwa yamechukua mahali pa rafiki.

Alipokuwa na umri wa miaka kama 26 akatunga kitabu chake cha kwanza, akakiweka wakfu kwa Hierius, msemaji mashuhuri wa Rumi. Mtu huyo hakupata kumwona kwa macho. Alimpenda kwa sababu wengine walimsifu, naye alitumaini ya kuwa yule msifiwa atamsifu yeye. Hayo aliyakiri mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha; na kitabu kile kilikwisha kupotea kabla hajazeeka.

Mwaka wa 383 akataka kwenda Rumi. Rafiki zake walimwahidi mshahara mkubwa na heshima. Yeye akasema sababu yake kubwa ni kwamba wanafunzi wa Rumi wana adabu, na wale wa Karthago huingia darasani kwa fujo kama wezi. Monika, ambaye sasa alikuwa mjane, alimfuata mpaka bandarini, akamshika asiende, au waende wote wawili. Augustino akamdanganya. Akamwambia anakwenda kumsindikiza rafiki anayengoja upepo, akamshauri alale karibu na kanisa la shahidi Cyprian lililokuwa jirani. Usiku ule mama akiwa katika kuomba na kulia, jahazi likang'oa nanga. Asubuhi hakumkuta mwanawe. Ni vigumu kusoma habari hiyo bila kumkasirikia Augustino, naye hakuandika neno la kujitetea.

Huko Rumi aliwakuta wanafunzi wenye adabu kweli, ila ilipofika siku ya kulipa ada walihama wote pamoja kwa mwalimu mwingine. Akawachukia. Baadaye alijiuliza kama aliwachukia kwa sababu ya ubaya wa tendo lao, au kwa sababu fedha zile zilikuwa zake. Mwaka wa 384 akapata kazi ya kuwa mwalimu wa ufasaha katika mji wa Milan, mahali alipokaa Kaisari. Cheo hicho kilikuwa kikubwa. Kijana wa Thagaste alikuwa karibu kuyapata yote ambayo wazazi wake walimtakia.

Siku moja alikuwa anakwenda kusoma hotuba ya kumsifu Kaisari. Hotuba ilikuwa imejaa uongo, na wasikilizaji waliojua ni uongo walikuwa tayari kumpigia makofi. Moyo wake ulikuwa ukimpiga kwa hofu ya kukosea. Katika njia ya mjini akamwona maskini mwombaji, amekwisha kulewa, anacheka na kufanya mzaha. Augustino akasimama, akawaambia rafiki zake aliofuatana nao ya kuwa yule mtu ameipata kwa senti chache za kuombaomba furaha ambayo wao wanaitafuta kwa taabu ya miaka mingi, wala hawajaifikia. Alijua vema ya kuwa furaha ya ulevi si furaha. Lakini mwombaji yule angelala, na kesho ulevi ungemtoka. Yeye, Augustino, alilala na kuamka na ulevi wake wa sifa, siku baada ya siku. Tena mwombaji aliwatakia heri wapita njia ili apate mvinyo, na yeye aliutumia uongo ili apate sifa.

Katika Milan alikuwapo Ambrosio, askofu wa mji, mhubiri mkuu. Augustino alikwenda kumsikiliza kila Jumapili, si kwa kutaka mafundisho, bali kupima kama ufasaha wake walingana na sifa zake. Nia haikuwa njema. Hata hivyo maneno na maana huingia kwa mlango mmoja, na kidogo kidogo akaona ya kuwa Maandiko aliyoyadharau yana kina asichokijua.

Monika alikwisha kumfuata Milan. Yeye na wengine wakamtafutia mchumba wa nyumba njema, ili cheo chake kizidi. Na yule mwanamke aliyekaa naye karibu miaka 15 akarudishwa Afrika, mtoto akabaki kwa baba. Augustino aliandika ya kuwa moyo wake ulitoka damu. Jina la mwanamke huyo hakulitaja, wala hakueleza sana uchungu wake yeye ulikuwaje. Na hapo msomaji aweza kuona ya kuwa hata mtu aliyezoea kuupeleleza moyo wake huwa na pembe ambayo taa yake haifiki.

Sasa akili yake ilikuwa imekwisha kukubali dini ya Kikristo, ila maisha yake hayakutaka kubadilika. Tangu ujana alikuwa akimwomba Mungu ampe usafi wa mwili, huku akitumaini moyoni ya kuwa ombi lake halitajibiwa upesi. Mwezi wa Agosti mwaka wa 386 alikuwa katika bustani ya nyumba aliyokaa, pamoja na rafiki yake Alypius. Akaondoka, akajitupa chini ya mtini, akalia. Ndipo akasikia kutoka nyumba ya jirani sauti ya mtoto, kama anayeimba katika mchezo, ikirudia kusema mtu atwae na kusoma. Akarudi upesi, akafungua waraka wa mtume Paulo kwa Warumi, akasoma aya moja iliyomtaka auvue ulevi na uasherati na kumvaa Kristo. Hakusoma zaidi. Akaingia ndani, akamwambia mama yake.

Jambo lililofuata si mashuhuri sana, bali lastahili kuangaliwa. Augustino alikusudia kuiacha kazi yake ya kuwauzia vijana silaha za ulimi. Zilikuwa zimebaki siku kama 20 hata likizo ya mavuno ya zabibu. Angeweza kusimama mbele ya watu wote, akaiacha siku ile ile, na mji mzima ungemzungumza. Akahofu ya kuwa watu watasema ametaka kuonekana mkuu, na pengine wangesema kweli. Basi akavumilia mpaka likizo, akaondoka kimya. Zaidi ya hayo kifua chake kilikuwa kinauma siku hizo hata asiweze kusema sana, akafurahi kuwa na udhuru usio wa uongo. Na furaha hiyo nayo aliiandika.

Usiku wa Pasaka, mwaka wa 387, Ambrosio akambatiza, pamoja na Adeodatus na Alypius. Wakaanza safari ya kurudi Afrika. Katika Ostia, bandari ya Rumi, Monika akashikwa na homa, akafa akiwa katika mwaka wa 56 wa umri wake. Augustino aliyazuia machozi yake mazishini, kwa kuwa aliona haifai kumlilia aliyekufa katika imani, kisha usiku akalia peke yake. Akayaacha machozi yatoke, akasema anayetaka kumlaumu kwa kumlilia mama kwa sehemu ndogo ya saa, na amlaumu.

Alifika Afrika mwaka wa 388, akaiacha mali ya baba yake, akakaa na rafiki zake Thagaste katika sala na vitabu. Haukupita muda mrefu Adeodatus akafa, hali ni kijana bado. Augustino alikuwa amekwisha kuwa na jina kubwa, na desturi ya siku zile ilikuwa watu kumkamata mtu mwenye sifa na kumfanya askofu hata kwa nguvu. Kwa hiyo aliiepuka miji isiyokuwa na askofu. Mwaka wa 391 alikwenda Hippo, mji wa pwani uitwao leo Annaba, pasipo hofu, maana askofu Valerius alikuwapo. Valerius akawaambia watu kanisani ya kuwa anahitaji padre wa kumsaidia. Watu wakamshika Augustino, wakampeleka mbele kwa kelele. Yeye akalia. Wengine walipoyaona machozi yale wakamfariji, wakimwambia asihuzunike, kwa kuwa upadre uko karibu na uaskofu. Walidhani analia kwa sababu amepewa cheo kidogo! Yeye alikuwa analia kwa hofu ya hatari za kazi ile. Basi mtu aliyeshindwa mara nyingi kuijua nia yake mwenyewe aliona siku hiyo jinsi watu wa nje walivyo mbali zaidi na kuijua. Miaka minne hivi baadaye akafanywa askofu pamoja na Valerius, naye alipokufa Augustino akabaki askofu peke yake.

Katika uaskofu wake alikuwa akisikiliza mashauri ya watu tangu asubuhi, pengine mchana kutwa, akahubiri, akawaandikia watu wa nchi nyingi. Mara nyingine aliamuru vyombo vya thamani vya kanisa viyeyushwe, ili fedha zake ziwakomboe mateka na kuwasaidia maskini. Mavazi yake na kitanda chake havikuwa vya fahari. Wala havikuwa vya unyonge kupita kiasi, kwa maana alijua ya kuwa mtu aweza kujionyesha kwa matambara kama vile kwa hariri. Mezani pake aliandika onyo kwa wageni, kwamba apendaye kuwasengenya wasiokuwapo ajue ya kuwa meza ile si mahali pake. Na siku moja maaskofu wenziwe walipolisahau onyo hilo aliwakemea, akawaambia wayafute maneno yale mezani, au yeye aondoke.

Kati ya mwaka wa 397 na 401 akaandika kitabu chake kiitwacho Maungamo. Sehemu tisa za kwanza zaeleza maisha yaliyopita. Watu wangependa kusoma habari za mwovu aliyegeuka, kisha wafunge kitabu wakiwa na furaha. Yeye akaongeza sehemu ya kumi, akaeleza habari za askofu wa sasa, si za kijana wa zamani. Katika chakula, alisema, njaa ni ugonjwa na mkate ni dawa yake. Walakini mahali haja inapokwisha na tamaa inapoanza hapaonekani vizuri, na moyo hufurahi kutokuona, maana hapo hupata udhuru. Katika kuimba kanisani alikumbuka jinsi nyimbo za Milan zilivyomtoa machozi, akaogopa ya kuwa siku nyingine aliipenda sauti kuliko maneno. Akayumba huku na huku, hatimaye akakubali kuimba kuendelee.

Penye sifa alikaa muda mrefu zaidi. Mtu akitaka kujua kama anapenda mali, na aigawe, ataona. Lakini atajipimaje kama anapenda kusifiwa? Je, aishi vibaya ili asisifiwe na mtu? Huo ungekuwa wazimu. Augustino alikiri ya kuwa akisifiwa hufurahi. Akajaribu kujitetea, akasema afurahi kwa ajili ya jirani, kwa kuwa jirani ameweza kulitambua jambo jema. Udhuru huo ulikuwa mzuri, na wengi wangeukubali. Yeye akaugusa tena kwa swali moja: ikiwa ni kwa ajili ya jirani, kwa nini humuuma zaidi lawama isiyo ya haki ikimpata yeye, kuliko ikimpata mwingine mbele ya macho yake? Hakupata jibu la kumpendeza. Tena akaona ya kuwa mtu aweza kujivunia hata kule kudharau majivuno kwake, na hapo anakuwa hajayadharau bado.

Haifai kudhani ya kuwa kujihoji hivyo kulimzuia asikosee. Palikuwa na mafarakano makubwa katika kanisa la Afrika, kati ya Wakatoliki na wafuasi wa Donato. Kwanza Augustino alikataa watu wasilazimishwe katika dini. Baadaye alikubali sheria za Kaisari ziwatoze faini na kuwanyang'anya makanisa, akiamini ya kuwa ni upendo kumrudisha mtu kwa fimbo, ingawa aliwasihi watawala wasimwue mtu. Nia yake aliiona kuwa njema. Wengi waliokuja baada yake, ambao hawakuwa na upole wake, waliyatumia maneno yake kuwatesa watu, na hilo ni deni katika hesabu ya maisha yake.

Katika miaka ya 426 na 427 mzee akafanya kazi ambayo waandishi wachache wamepata kuifanya. Alivisoma tena vitabu vyake vyote, kazi 93, akaandika makosa yake moja baada ya moja. Alipofika katika Maungamo akalisoma lile neno aliloliandika juu ya rafiki aliyekufa Thagaste, ya kuwa yeye, Augustino, aliogopa kufa asije rafiki akafa kabisa, kwa kuwa alikuwa nusu ya nafsi yake. Maneno hayo yalikuwa yamewaliza wasomaji. Yeye akayahukumu: akasema yafanana zaidi na mapambo ya msemaji kuliko na ungamo la kweli. Na mwaka wa 429 mkubwa mmoja wa serikali, Darius, alipomwandikia barua ya kumsifu, Augustino alijibu ya kuwa barua imempendeza, tena sifa zake ni sehemu ya jambo lililompendeza. Akampelekea Maungamo, amtazame humo, asimsifu kupita vile alivyo.

Wakati huo Wavandali walikuwa wamekwisha kuvuka kutoka Hispania, wakiteketeza miji ya Afrika. Mwaka wa 430 wakauzunguka mji wa Hippo kwa majeshi. Katika mwezi wa tatu wa vita Augustino akaugua homa. Akaagiza zaburi za toba ziandikwe, zibandikwe ukutani mahali awezapo kuziona akiwa kitandani. Siku kama kumi kabla ya kufa aliomba asiingie mtu chumbani isipokuwa waganga, au walioleta chakula. Akakaa peke yake, akisoma ukutani na kulia. Alikufa tarehe 28 Agosti, akiwa na umri wa miaka 75. Hakuandika wasia, maana hakuwa na kitu cha kurithisha. Aliagiza tu ya kwamba vitabu vya kanisa vitunzwe kwa ajili ya watakaokuja baadaye.